Piga Honi Nikuamini

Siku ya Jumamosi Nakawa haina mwenyewe. Magari yaliyotoka Japani yamepangwa bondi baada ya bondi, yadi za kuuzia magari, pua zote zimeelekea barabara ya Jinja, vumbi limeoshwa, bei zimefichwa vinywani mwa madalali, na watu ni wengi kuliko magari. Wapo wanaonunua, wapo wanaotamani tu, na wapo waliokuja kupigwa picha wameshika usukani wa gari la mwenzao. Katika vurumai hiyo, zikiwa zimebaki siku kumi mwezi wa Ramadhani uandame, Sumayiya Abdalla aliingia ndani ya Lexus nyeupe, akafunga mlango, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kusubiri gari lingurume.

Halikunguruma. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu huku ameuma mdomo, kisha akashusha kioo.

"Wahabi! Wewe Wahabi! Unataka kuniuzia maiti? Hili gari limekufa!"

Watu waligeuka, maana sauti ya Sumayiya haikuwa ya kuazima. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpishi wa harusi mwenye jina pale Kibuli, binti wa Kinubi aliyezoea kuwaamrisha wanawake ishirini jikoni bila kipaza sauti. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau, akajifunga gurbaba ya akina mama wa kwao, ile nguo iliyotariziwa maua kwa mkono, na mikononi alikuwa na hina mpya kabisa. Wahabi, muuzaji, alikuja mbio akishika koti lake. Lakini kabla hajafungua kinywa, sauti nyingine ilitoka chini ya gari la jirani.

"Mama, haijakufa. Umeiwasha, umeizima, umeiwasha tena. Niko nasikia."

Zikatoka kwanza buti mbili, kisha ovaroli ya buluu, kisha kijana mrefu mwenye mwanya na kifaa cha kupimia kompyuta za magari kimening'inia shingoni. Alikuwa Jibril Ramazani, Mkongo wa Kasongo, Mwislamu wa tangu babu na babu, fundi ambaye wanunuzi humkodi awakagulie gari kabla hawajatoa pesa.

"Imewaka?" Sumayiya akamwuliza. "Mbona haisemi?"

"Hii ni haibridi. Ikiwa imesimama, haina neno. Bon, weka gia ya D. Sasa toa mguu kwa breki, polepole. Usiogope."

Akatoa mguu. Na lile gari, bila mlio wala mtikisiko, likaanza kwenda.

Sumayiya alitoa ukelele. Gari liliteleza kwenye changarawe, akawa anasikia kokoto zikipasuka chini ya matairi, anasikia muuza karanga akiita wateja wake, anasikia hata bangili zake mwenyewe zikigongana. Kila kitu alikisikia isipokuwa gari alilokuwa akiliendesha. Alipokanyaga breki karibu na lango alikuwa na machozi, na hakujua yametoka wapi.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. "Nani alilifundisha adabu namna hii?"

Jibril alicheka, mwanya ukaonekana wote. Alikuwa ametembea kando ya dirisha muda wote, kama mtu anayesindikiza baiskeli ya mwanawe. Sumayiya alimtazama, akatazama usukani, akamtazama tena. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, ingawa yeye mwenyewe angekuambia alikuwa anatazama gari tu.

Shida ni kwamba Lexus haikuwa peke yake. Nyuma ya bondi Wahabi alikuwa na Subaru ya rangi ya buluu iliyokoza, stesheni wagoni yenye turbo, ndefu, nyuma pana kama sebule ya mtu wa Kansanga anayelipa kodi vizuri. Pesa za Sumayiya zilitosha gari moja, na zingetoka kwenye chama chake cha akiba mwishoni mwa Ramadhani. Baada ya Idd ndipo harusi za Waislamu zinapofumuka, na tayari alikuwa ameahidi kupika tano. Wahabi akakubali kumwekea magari yote mawili hadi siku tatu kabla ya Idd, bila kuzidisha hata saa moja.

"Nitayapima kwa sufuria zangu," Sumayiya akamwambia. "Mimi sinunui kiti cha kukalia. Nanunua mgongo wa kubeba."

Wahabi akadhani anatania. Jumatatu alimwona akishuka kwenye pikapu ya kukodi na sufuria saba za kupikia pilau, kubwa kabisa ikiwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Jibril, ambaye alikuwa ameshakodiwa awe fundi wake, alizipanga kwenye Lexus. Ziliingia nne. Zikahamishiwa kwenye Subaru. Zikaingia saba, na makaa, na nafasi ya mtu kujinyoosha ikabaki.

"Panda, sheri," Jibril akasema, neno la kwao la kumwita mpenzi, kisha akajifanya anakohoa. "Samahani. Panda, mama."

"Nimesikia la kwanza," Sumayiya akajibu, akapanda.

Wakaupandisha mlima wa Kibuli na mzigo wote ule, msikiti mkubwa uko juu yao, watoto wa shule wakitawanyika pembeni. Katikati ya mwinuko, pale ambapo pikapu za kukodi huanza kuomba msamaha, Jibril alikanyaga mafuta. Pakatokea mlio mwembamba wa kuvuta pumzi, kisha kitu kikamsukuma Sumayiya mgongoni kwa nguvu hadi akashika dashibodi. Sufuria saba zikaitikia kwa pamoja. Mlima ukaisha kabla hajamaliza kusema bismillahi.

"Hiyo ndiyo turbo," Jibril akasema.

"Rudi chini," Sumayiya akamwambia, macho yamemtoka. "Rudi chini tupande tena!"

Walipanda mara tatu. Mara ya tatu wakasimama juu, wakashuka, wakatazama Kampala yote imelala chini yao, mabati na maghorofa na minara, vilima vinatazamana, na moshi wa mchana juu yake. Sumayiya alikuwa akiuona mji huo tangu azaliwe. Siku ile aliuona mpya, akashangaa kwamba moyo wa mtu unaweza kuoshewa macho kwa dakika tano tu.

"Sasa wewe fundi, niambie. Nichukue lipi?"

"Hapo siingii. Lexus itakula petroli kidogo sana mjini. Subaru itakunywa, lakini itabeba ulimwengu. Moja itakupumzisha, ingine itakufanyia kazi. Fundi anapima gari. Moyo wa mwenye gari, hapana."

"Na moyo wa fundi unapimwa na nani?"

Jibril akatazama buti zake.

Simu zikaanza. Jibril alimpigia asubuhi kumwuliza kama amelala vizuri, na mchana kumwuliza kama ameamka vizuri. Ramadhani ilipoingia wakawa wanaongea kila siku kabla ya futari, Sumayiya akikoroga uji Kibuli, Jibril akifunga karakana Kansanga.

"Umekula nini leo, daktari wa magari?"

"Swali gani hilo kwa mwenye kufunga?"

"Nakupima. Kuna wanaume wanafunga mdomo wakiwa mbele za watu tu."

"Mimi nikija kwako nitafungua kwa kile kisamvu chako. Nasikia watu wanakisifu hadi Kawempe."

"Utakuja lini, sasa? Na utakuja na nani?"

Hapo Jibril alikuwa anabadilisha maneno. Na hapo ndipo Sumayiya alipoanza kukosa usingizi. Kwa Wanubi mwanamume haendi kuchumbia akiwa peke yake na mikono mitupu. Anatanguliza wazee wake, wakae, waulizwe mji na ukoo, wamsemee. Shangazi yake Sumayiya, Hajati Lailah, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa halegezi kamba katika hilo.

"Mwambie alete mtu mzima mwenye mvi," Hajati alisema huku akifunika sinia. "Asipoleta, huyo anapita tu. Na wewe umeshapitiwa mara moja."

Maneno makali, lakini ya kweli. Miaka minne nyuma Sumayiya alikuwa na mchumba, Swaib, mwuza simu, mtanashati wa kunukia. Kila jioni alimpigia kusingizia foleni: niko kwenye jam ya Wandegeya, mpenzi, nakuja. Miaka mitatu ya jam ya Wandegeya. Siku moja Sumayiya alipokuwa anamsikiliza alisikia nyuma ya sauti yake mwiko ukikwangua sufuria, na mwanamke akiuliza chumvi iko wapi. Yeye ni mpishi. Mlio wa mwiko haumpotei. Tangu siku hiyo aliacha kusikiliza wanachosema wanaume kwenye simu, akawa anasikiliza kilicho nyuma yao. Na wewe ukiishi Kampala unajua: hapa mtu anakwambia yuko barabara ya Mukwano ilhali bado anajitafutia soksi chumbani. Kila mmoja ana sikio la upelelezi. Ila Sumayiya alikuwa ameapa: atakayemdanganya tena mahali alipo, ndiye wa mwisho, na yeye hataolewa kamwe.

Siku ya kumi na tisa ya mfungo, saa nne asubuhi, alimpigia Jibril.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Niko kwa gari. Kwenye jam ya Wandegeya."

Alikaza simu sikioni. Hakusikia injini. Hakusikia honi, wala kondakta, wala boda boda. Alisikia kimya safi cha chumba kilichofungwa mapazia, na feni inayopuliza taratibu.

"Wandegeya gani hiyo?"

"Wandegeya kuna ngapi, sheri? Kwa mataa, karibu na polisi."

"Saa nne, Wandegeya, na sisikii hata boda boda moja? Jibril, gari gani hilo halina sauti?"

"Ni kitu nilitaka nikuambie jioni. Ilikuwa niku..."

"Piga honi."

"Nini?"

"Kama uko kwenye gari, piga honi nikuamini."

Aliposema tena, Jibril alikuwa na sauti ambayo Sumayiya hajawahi kuisikia, ya chini na ya kuchoka.

"Suma. Tangu nifike Uganda, kila ofisi naonyesha karatasi. Unaitwa nani, karatasi. Unatoka wapi, karatasi. Kweli wewe ni wewe, lete karatasi. Nimezoea, sina neno. Lakini kwako nilifikiri naingia bila karatasi. Siwezi kukupigia honi."

"Basi usinipigie na simu!"

Akakata. Akaenda kusimama juu ya sufuria ya mchuzi, akalia, na vitunguu vikamsitiri.

Siku nane zikapita. Jibril hakupiga. Sumayiya hakupiga. Alisema moyoni amenusurika, akajisifu kwa sikio lake, na kila mlio wa ujumbe ulimfanya aache kisu. Hajati Lailah alimtazama. Aliongeza tu tende kwenye sahani yake wakati wa futari, na tende zile zilibaki hapo hapo.

Siku ya mwisho ya ahadi ya Wahabi ilipofika, Sumayiya alikwenda Nakawa bila fundi. Alikuwa ameamua. Atachukua Lexus. Kama mapenzi hayakuwa fungu lake, angalau apate kitu kimoja kizuri na kitulivu duniani, sufuria zitafanya safari mbili. Akamwomba Wahabi ampeleke Wandegeya achukue kadi zake za biashara kwa wachapishaji. Wahabi aendeshe, yeye akae upande wa abiria aone gari linavyombeba mtu.

Wakapita Lugogo, wakapita Mulago, na kwenye mataa ya Wandegeya jam ikawameza. Ilikuwa jam ya kufa mtu. Mbele lori la matofali, kushoto boda boda kumi na mbili zinagombania upenyo wa mbuzi mmoja, kulia kondakta anapiga bati la gari lake na kuita abiria, wanafunzi wanakatiza na mafaili kichwani kukinga jua. Ndani ya Lexus vioo vilikuwa vimepandishwa, hewa baridi inapuliza kidogo kidogo, injini imejizima yenyewe. Sumayiya alimwona kondakta akifungua kinywa chote kwa ukelele, na sikioni mwake ukafika mnong'ono. Alitazama mji ule ukihangaika nje ya kioo, usioweza kumgusa. Alikuwa hajawahi kuona kelele.

Simu ikaita. Hajati Lailah.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko Wandegeya, shangazi. Kwenye jam."

Hajati akatega sikio. Yeye ndiye aliyemfundisha Sumayiya kusikiliza.

"Wandegeya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sumayiya. Mwezi mtukufu huu. Uko chumbani kwa nani?"

"Shangazi! Niko kwenye gari, na Wahabi!"

"Ala! Kumbe anaitwa Wahabi!"

"Ni yule muuzaji! Tuko kwenye mataa, kuna lori hapa mbele, kuna..."

"Mimi nina masikio. Hapo hakuna lori. Hapo kuna feni. Kama ni gari, piga honi nisikie."

Sumayiya alilitazama lori la matofali mbele yake. Yeye, mtu mzima, mwenye kuajiri watu, anasema kweli tupu juani mchana, na aliyemlea anamtaka ushahidi. Uchungu wake ulikuwa mwingi kuliko alivyodhani neno dogo namna ile linaweza kubeba. Wahabi, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, akaona aokoe jahazi. Akanyoosha mkono, akapiga honi ndefu.

"Umesikia?" Sumayiya akauliza.

"Nimesikia," Hajati akajibu. "Hiyo ni ya televisheni."

Simu ikakatwa. Wahabi alijaribu asicheke, akashindwa. Sumayiya hakucheka. Alikuwa ameelewa mambo mawili kwa mpigo mmoja, na yote mawili yalimtia baridi. La kwanza, kwamba mtu akishaamua kukushuku hata honi ya Kampala nzima haitoshi. La pili akalitoa kwa mdomo.

"Wahabi, hili gari limewahi kutoka bondi? Siku nane zilizopita?"

"Lilitoka. Fundi wako alilichukua asubuhi, akaniachia kitambulisho chake. Alitaka kuona betri inavyojiendesha ndani ya jam kubwa. Alisema mama wa sufuria hawezi kupewa kitu kisichojaribiwa. Nikamwambia basi nenda Wandegeya, huko jam haikosi." Wahabi akamtazama. "Hakukuambia?"

"Sikumpa nafasi," Sumayiya akasema.

Jibril aliacha karatasi yake rehani kwa ajili yake. Ile ile karatasi. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo hadi taa zilipogeuka kijani.

"Usirudi Nakawa. Twende Kansanga."

"Na kadi zako?"

"Kansanga, Wahabi!"

Karakana ilikuwa uani, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba. Jibril alikuwa ameinama juu ya injini ya mtu, amewapa mgongo. Huyu ni mwanamume aliyesikia kitufe cha gari la pili akiwa chini ya la kwanza, lakini Lexus iliingia uani, ikasimama hatua mbili nyuma yake, na hakugeuka. Sumayiya alimtazama kupitia kioo. Alikuwa amekonda. Midomo imekauka kwa saumu, shingoni kifaa kile kile, na anazungumza peke yake na injini kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Alijiuliza ni jinsi gani mtu mzima anaweza kutupa kitu kama hiki kwa sababu ya kimya.

Akanyoosha mkono, akapiga honi.

Jibril aliruka, kichwa kikagonga boneti. Akageuka ameshika kisogo, akaona gari, akamwona aliye ndani. Sumayiya alishuka.

"Nimekupigia mimi," akasema. "Wewe usipige kamwe. Hata nikikuomba tena, usipige."

"Suma..."

"Nyamaza, nimalize nikiwa bado na ujasiri. Nilikuwa Wandegeya ndani ya gari hili. Shangazi ameniambia niko chumbani kwa Wahabi."

Jibril akamtazama Wahabi. Wahabi akainua mikono miwili juu.

"Nimeonja nilichokulisha," Sumayiya akaendelea. "Ni kichungu. Nisamehe, Jibril. Nilikuwa nasikiliza mtu mwingine ndani ya simu yako."

Jibril alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Alikuwa bado ameumia, na hakuficha.

"Niliumia sana, sheri. Siku nane niko nafungua simu, nafunga. Nasema, huyu pia anataka nithibitishe." Akashusha pumzi. "Lakini na mimi kuna kitu nilinyamaza. Uliniuliza nitakuja na nani, nikakimbia. Mimi sina mtu, Suma. Kampala nzima sina mzee wa kunisemea. Baba amekufa Kasongo. Aliyebaki ni baba mdogo, Mzee Amisi, yuko kambi ya wakimbizi kule Nakivale. Goti lake lilivunjika tukiwa njiani kukimbia, halikunji. Basi limemshinda, kila mara wanamshusha akiwa analia. Nilikuwa naona aibu. Nitaingia vipi kwa Hajati kama mtu aliyeokotwa?"

"Goti halikunji kabisa?"

"Kabisa. Lazima mguu ulale."

Sumayiya akageuka kulitazama Lexus. Jua la adhuhuri lilikuwa juu ya boneti nyeupe, na gari lilikuwa zuri, zuri la kuumiza. Alilipenda, msidanganyike kwamba hakulipenda. Alifungua mlango wa nyuma, akapima kwa mkono kutoka kiti hadi kiti, kama anavyopima unga. Akapima tena, akitumaini mkono ulikosea. Kisha akaufunga mlango taratibu, akauacha mkono wake juu ya bati kwa muda.

"Wahabi, ile ya buluu ipo?"

"Ipo. Ila uliniambia leo asubuhi..."

"Asubuhi nilikuwa nanunua gari la mtu mmoja."

Jibril alielewa kabla Wahabi hajaelewa. Akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa hapo.

"Suma, mwanamke haendi kuwafuata wazee wa mwanamume. Kwenu hairuhusiwi. Hata kwetu."

"Kwetu hairuhusiwi mwanamume kuja bila wazee. Hakuna aliyewahi kusema wazee waje na gari la nani. Nitamchukua na shangazi, tuende kwa heshima zetu. Atanigombeza hadi Masaka, halafu atalala." Akamsogelea. "Ila kama hunitaki tena, sema sasa, kabla sijalipa."

"Sikutaki?" Jibril alicheka na machozi yakamtoka palepale. "Mimi niko nakutaka tangu ulipoita gari maiti."

Siku ya tatu ya Idd, Subaru ya buluu ilitoka Kibuli alfajiri. Sumayiya alishika usukani, gauni jipya la kijani, mtandio wa dhahabu. Jibril alikaa kando yake na kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Hajati Lailah, aliyekuwa ameshaelezwa kimya cha ile Lexus, alikaa nyuma akiwa amezungukwa na mito, akagombeza hadi Lukaya, akalala Masaka, akaamka Mbarara na kuuliza kwa nini gari linakwenda kwa kasi ya wezi. Kwenye vilima vya Isingiro turbo ilivuta pumzi yake, migomba ikarudi nyuma kwa mamia, ziwa likajitokeza chini likiwa na rangi ya fedha, na hata Hajati akasema masha'Allah bila kukusudia.

Mzee Amisi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya udongo, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Aliliona gari likija na vumbi lake, akakaza macho, uso wake ukaingiwa na hofu. Akamwona Jibril, hofu ikatoka. Walikumbatiana kwa muda. Kisha wanawake wawili wakatoa salamu, mzee akawatazama.

"Aleikumu salaam, karibuni. Na huyu binti aliyekuwa anaendesha, ni nani?"

Hajati akatazama ziwa. Sumayiya akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake jipya.

"Baba, mimi ndiye yule mnayetaka kwenda kumwomba. Nimekuja kuwachukua muende mkaniombe."

Jirani aliyekuwa akitwanga akaacha mchi juu. Yule mzee alimtazama Sumayiya, akalitazama gari, upande mmoja wa kiti cha nyuma umelazwa na mito imeshapangwa urefu wa mguu wake.

"Mwanangu," akasema, "magari yamekuja kunichukua mara nne katika maisha yangu. Mara zote yalikuwa ya kunihamisha. Hili ndilo la kwanza kuja kwa sababu ninahitajika."

Akaomba fimbo yake, akasimama.